Kidonge Kimoja, Picha Thelathini

Bi Kuluthumu mpendwa, shikamoo. Nisaidie mawazo, maana jambo lenyewe nusu limekwisha na nusu limenikwama kooni, na sina wa kumwambia zaidi yako wewe usiyenijua.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kikuyu, Dodoma, nina miaka arobaini na minane, kwetu ni Kondoa. Tuko marafiki wanne tuliotoka huko huko, na mwaka huu sote wanne tumejikuta na presha, tukaona badala ya kila mtu kusahau vidonge vyake kivyake, tuwe tunakumbushana. Khairat, ambaye ndiye mkali wetu, akafungua kundi la WhatsApp na kuweka sheria: kila siku kabla ya saa moja asubuhi unaweka kidonge kwenye kiganja cha kushoto, unapiga picha, unatuma, ndipo unameza, na atakayekosa anatangazwa jina na Ijumaa anatupikia sote ugali na mlenda. Tukacheka, tukakubali, na kwa kweli ilisaidia, miezi miwili ya kwanza sikukosa hata siku moja na kichwa kilichokuwa kinaniuma kila jioni kikaacha.

Shida ni kwamba vidonge vyangu ni vile vya kupunguza maji mwilini, nikimeza tu kazi ni kwenda haja ndogo, na kibanda changu hakina choo, choo ni cha duka la vipuri la jirani, na ufunguo anakaa nao mwenye duka, mzee mmoja anayeshinda barazani na wenzake wakicheza bao, kwa hiyo kila saa niinuke, nipite mbele ya wanaume sita, niombe ufunguo, nirudishe ufunguo, na siku moja mmoja wao akauliza kama mama amemaliza tikiti maji zima peke yake, wakacheka, nikaapa sirudi tena. Nikaanza kuruka kidonge siku za kazi, baadaye nikaacha kabisa. Lakini kwenye kundi ningesema nini? Nikawa napiga picha bila kumeza, ila kukishika kidonge kila asubuhi na kukirudisha kukawa kunanisuta.

Ikatokea harusi ya mpwa wangu Kondoa, nikaenda, nikapakwa hina mikono yote miwili na Jaha, mmoja wetu hao wanne, ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya kupamba maharusi. Niliporudi Jumapili nikajifungia chumbani, nikachukua kidonge kimoja, nikakiweka kiganjani nikakipiga picha thelathini, Bi Kuluthumu, thelathini, dirishani, mezani, pembeni ya beseni, kanga nikabadilisha mara tisa ili zionekane siku tofauti, nilipomaliza nikakirudisha kidonge kwenye pakiti yake. Kila asubuhi nikawa natuma picha moja, na wenzangu wananitumia alama za makofi. Aliyenichoma ni Rukia, mwalimu wa huko Msalato, ambaye anameza vidonge vya aina ile ile kama vyangu. Siku moja alituma sauti kwenye kundi, akasema, "Fundi, mimi kila nikitaka kukitupa hiki kidonge nautazama mkono wako, nameza." Niliisikiliza mara tatu. Kwanza nilijisikia fahari, halafu nikajisikia vibaya hadi nikashindwa kushona.

Siku ya ishirini na nne Jaha akaja kibandani bila kupiga simu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia nimpe mkono. Nikampa. Kiganja hakikuwa na kitu, wekundu ulikuwa umebaki kwenye kucha tu. Akafungua simu yake akanionyesha picha niliyotuma asubuhi ile, hina imekolea kama iliyooshwa jana. Akasema, "Hina yangu ikikaa sana ni wiki mbili. Ingekuwa inakaa hivi ningeshajenga ghorofa."

Nikalia, Bi Kuluthumu, lakini si kwa aibu, nililia kwa raha, maana nilikuwa nimechoka kudanganya, nimechoka kuchagua kanga, na nilimpenda Jaha siku ile kuliko siku zote. Akafunika cherehani yangu, akanipeleka zahanati, presha ikasoma mia na tisini kwa mia na kumi, nesi hakuniruhusu hata kusimama. Leo ni siku ya kumi na moja nameza kweli, juzi imesoma mia na arobaini na mbili kwa tisini, usingizi umerudi na kichwa kimetulia.

Sasa Jaha amesema yeye hatamwambia mtu, nitasema mwenyewe, na amenipa mpaka Ijumaa tutakapokutana kula. Mimi naona kwa kuwa sasa nameza kweli, yaliyopita yaishie hapo, kwa sababu Rukia akijua mkono aliokuwa akiutazama ulikuwa wa uongo ataacha dawa, na likimpata la kumpata, mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Niseme au ninyamaze?

Fundi wa Kikuyu

*

Fundi, marahaba. Nashukuru kwamba barua hii umeiandika wewe mwenyewe na si watoto wako wakiniuliza mama yao wamhudumie vipi kitandani. Nimepumua pamoja na wewe. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mia na tisini kwa mia na kumi ni mdomo kwenda upande, ni mkono usioshika sindano tena. Ulikuwa radhi upooze kuliko kuomba ufunguo wa choo. Wanaume sita wacheza bao, ambao utani wao walishausahau kabla ya chakula cha mchana, ndio uliotaka kufa kwa ajili yao. Kesho asubuhi nenda kwa huyo mzee wa vipuri, mwamkie, mwambie una presha na dawa inakupeleka chooni mara kwa mara, umwombe ruhusa ya kuchonga ufunguo wako. Naapa kati ya hao sita wapo wanaomeza kidonge hicho hicho, na ufunguo huo wanauchukua kila saa bila kuchekwa na mtu.

Kisha rudi kwa daktari umweleze ukweli wote, pamoja na hizo siku ulizoruka. Dawa za presha ziko za aina nyingi, na hata saa ya kumeza anaweza kukupangia nyingine. Lakini apange yeye. Wewe ulishajipangia ukaona ulikofika.

Kundi lenu nalipenda, na Khairat simlaumu, ila sheria yake ina kasoro. Anayesema kweli kwamba leo hakumeza anatangazwa na kupikishwa, anayedanganya anapigiwa makofi. Mtu mzima yeyote angejifunza kudanganya hapo. Futeni adhabu hiyo. Anayesema hakumeza aulizwe kuna nini, basi, na mlenda mpike kwa zamu kwa kuwa mnaupenda. Picha nazo ziishe. Asubuhi pigianeni simu wawili wawili, mmeze huku mnaongea, kila mmoja akisikia mwenzake anakunywa maji.

Jaha mshike sana. Aliona uongo wako kwenye simu yake na hakuuandika kundini, alichukua miguu yake akaja kukushika mkono. Rafiki wa hivyo hapatikani mara mbili.

Na sasa Rukia. Ndiyo, utasema, na si kwa sababu Jaha amekupa tarehe. Hebu yarudie maneno yake, maana naona uliyasikiliza mara tatu na hukuyasikia. Alisema, kila nikitaka kukitupa hiki kidonge. Kila. Huyo ni mwalimu, pengine mwenye darasa la watoto sitini, anameza dawa ile ile iliyokushinda wewe, anabana mkojo hadi kengele ilie, na anadhani yeye peke yake ndiye dhaifu kwa sababu mwenzake wa Kikuyu, mwenye hina nzuri, haonekani kutaabika. Wewe ulisikia sifa. Mimi ninasikia mtu anayeomba msaada, na aliyemwomba ni wewe.

Hataacha dawa kwa kujua kwamba nawe ilikushinda. Ataacha akiendelea kuamini kwamba imemshinda yeye tu. Kwa hiyo usiende kumwomba radhi halafu ukarudi kwenye cherehani yako. Mwambie yote, pamoja na zile kanga tisa, mwache akasirike akitaka kukasirika, kisha siku utakayokwenda kwa daktari muingie nyote wawili.

Ijumaa ni mbali. Funga kibanda mapema leo, uende Msalato.