Mchezo Unaojua Kungoja

Nyumba ile ile,
Chumba cha mbele, juu ya duka la magodoro.
Jumapili mchana, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu Nukta,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza kukusema, maana leo nina ya kusema. U mzima? Kifua kimepoa? Yule mwenye nyumba wako amerekebisha dirisha, au bado unalala na koti? Ukinijibu "niko poa" kama kawaida yako, nitajua unaumwa.

Sisi huku hatujambo. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anausahau kwa sababu ameshapata mtu wa kumgombeza. Mimi niko na mapazia yangu. Nimepata kazi ya kushona mapazia ya ukumbi mzima, kitambaa kizito cha zambarau, kimejaa chumba hadi mkasi nautafuta kwa kupapasa. Baba naye anaendelea vizuri. Tangu kiharusi kile, mkono wa kulia sasa unashika kikombe, mradi kisijazwe. Mguu unaburuta kidogo. Maneno ndiyo bado yanachelewa, lakini yanafika. Hilo nitalirudia huko mbele, usilipite haraka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu zako nazijua. Nikisema maneno mawili, uko kazini. Nikisema matatu, mtandao unasumbua. Barua huwezi kuikata.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniambia, na vikatuni vyako vya kucheka, kwamba ule mchezo wetu wa zamani wa kompyuta wameutoa upya huko, vijana wa kazini kwako wanausifu, ukauliza, je, kuna maana yoyote kuucheza siku hizi au ni utoto wetu tu unaoutia sukari? Ukaongeza kwamba ile kompyuta ya Baba sasa itupwe, inakula nafasi bure. Nimekaa na swali lako nikikunja pindo za mapazia. Wewe uliuliza kwa mzaha, mimi nakujibu kwa moyo wangu wote.

Nianze na ubaya wake, usije ukasema dada yako ni mshabiki asiyesikia la mtu. Mchezo ule sura hauna. Watu wake ni vipande vya vigae vilivyopangwa, na msitu mzima ni mti mmoja uliorudiwa. Muziki wake ni mmoja tu, Mama anauita kengele ya wendawazimu. Haukuelezi kitu. Unatoka getini mara ya kwanza na upanga wako mpya, unauawa na panya. Ukisahau kuhifadhi, kazi yako ya alasiri nzima imekwenda na maji na huna wa kumlaumu. Na mizigo ndiyo usiseme. Kila msafiri ana uzito anaoweza kubeba, na nusu ya muda watu mnabishana nani abebe kamba. Mtu aliyetoka kazini hoi, anayetaka kujinyoosha tu, simshauri. Acheze hiyo mipya yenye mshale unaong'aa chini, umwonyeshe pa kwenda, afike, akalale.

Sasa nisikilize vizuri. Ile mashine mpya ya michezo uliyomtumia Baba ilifika salama, na tulikushukuru sana. Yule binti wa mazoezi ya viungo, anayekuja kumnyoosha Baba mkono, alisema vitufe vyake vingesaidia vidole kuamka. Nikaifunga kwenye televisheni. Baba akakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mpira ukaanza. Kila kidole chake kilipokipata kitufe, mpira ulikuwa umeshafika golini kwake. Akafungwa. Akafungwa tena. Hakukasirika, na heri angekasirika. Alikiweka kile kidude mezani taratibu, akageukia dirishani.

Binti wa mazoezi alipokuja tena, Baba alikuwa ameuficha mkono chini ya shuka. Kila alipokuja, Baba aliufichua kwa shida, mara nyingine asiufichue kabisa. Niliogopa, Nukta, nakwambia kweli. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mkono usiofanyishwa kazi miezi hii ya mwanzo unaweza kuzoea kulala moja kwa moja. Nilikuwa nashona huku naangalia mgongo wake pale dirishani, na sindano ikawa inanichoma mimi zaidi ya kitambaa.

Aliyetuokoa ni Mama. Alikuwa anamenya vitunguu, hata hakuinua uso. Akasema, "Si mumpe ule wake wa kungojana?"

Sikumwelewa mara moja. Ndipo nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo alivyouita mchezo ule tangu tulipokuwa wadogo. Nikaifukua kompyuta chini ya majora ya vitambaa. Unakumbuka ilivyokuja, imetupwa na ofisi fulani, Baba akaibeba kutoka kwenye kibanda chake cha kutengenezea redio akiwa ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikapangusa vumbi, nikaiwasha. Feni ikakohoa kama mzee wa sigara. Kisha ikatoa ule mlio wake mmoja, na Baba akageuka kutoka dirishani.

Umesahau jinsi unavyochezwa, basi nikukumbushe. Ni mchezo wa zamu. Dubwana la vichwa vitatu linasimama mbele yako, rungu liko juu, na halikugusi mpaka umalize kufikiri. Unaweza kwenda kunywa maji ukarudi, ukalikuta pale pale. Baba alikaa mbele yake. Kidole kikaondoka, kikapotea njia, kikarudi, kikatafuta, sisi tumebana pumzi. Kikakipata kitufe. Dubwana likala upanga wa shingo. Nukta, Baba alicheka. Lile cheko lake la puani, ambalo sikuwa nimelisikia tangu alazwe.

Tangu siku hiyo mkono haujafichwa tena. Binti wa mazoezi akija anamkuta Baba mezani, na siku hizi anavuta kiti na kuuliza tumefikia mlango gani. Maneno nayo yamefaidika. Kila tunayekutana naye mchezoni ana hadithi yake ndefu, na maandishi yanabaki pale kwenye kioo mpaka mtu abonyeze. Baba anayasoma kwa sauti, pole pole, kisha anamfasiria Mama. Mchezo wenyewe hauandiki popote ulichoambiwa, na wenye akili kama wewe wanaona hilo ni kasoro. Hapa nyumbani Mama ndiye anayekumbuka yote. Mhunzi alisema nini kuhusu daraja, mjane anadai nini kwa mfalme, yeye anazo zote, na anawasengenya kana kwamba wanakaa mtaa wa pili.

Sasa nifike kwako. Unaikumbuka kanuni ya Baba ya milango? Wewe ndiye uliyeileta. Tulikuwa wanne kwenye msafara: Baba askari wa upanga, Mama mganga wa majeraha, mimi mpiga mishale, wewe mfungua kufuli. Baba akainuka kunywa maji, na wewe, kwa jinsi usivyojua kungoja, ukaufungua mlango wa joka peke yako. Tukaungua wote wanne, na tulikuwa hatujahifadhi tangu mchana. Baba hakukupiga. Akasema kuanzia leo mlango haufunguliwi mpaka kila mwenye mtu wake kwenye msafara aseme "haya". Tangu hapo Mama akiwa jikoni tunampigia kelele, anaitika "haya", ndipo tunaingia.

Ulipoondoka nchini, kuna jambo Baba alilifanya ambalo pengine hukuwahi kulijua. Alimrudisha yule mfungua kufuli wako kwenye nyumba ya wageni ya mji wa kwanza, akamwacha pale mezani. Alisema aliyesafiri hayupo wa kusema "haya", kwa hiyo si haki kumwingiza hatarini. Tukawa watatu. Na hivyo ndivyo tulivyoendelea safari hii pia. Pale kwenye nyumba za wageni kuna watu chungu nzima wa kukodi, wafungua kufuli wazuri tu, lakini Baba hataki kuwasikia. Basi masanduku tunayavunja kwa shoka. Kilichomo kinavunjika pia, nasi tunaokota vipande na kujidai tumefaidi.

Juzijuzi tukaufikia mlango wa mwisho, ule ambao hatukuwahi kuuona tukiwa wadogo. Mimi nikasema haya. Mama akasema haya, akaja mwenyewe kusimama nyuma ya kiti, na kijiko mkononi. Tukamgeukia Baba. Baba akautoa mkono kwenye kibodi. Akaanza kutafuta neno. Sisi tumeshazoea, tunangoja, kama dubwana lile. Neno likafika.

"Tumrudie... Nukta."

Nilidhani anataka simu. Kumbe ameshaugeuza msafara. Tukarudi ramani nzima kwa miguu, kinamasi kile, lile daraja la mhunzi, jangwa lote. Nilinung'unika, sikufichi. Tukamkuta mtu wako pale pale mezani, na kisu chake kile kile, hajui lolote la dunia ilivyobadilika. Baba akamvua askari wake ngao, akakupa wewe. Na kurudi ndiko kulikuwa kazi, maana ulibaki dhaifu kama ulivyotuacha, kila mbu akikuuma unakufa, na kila ukifa Baba anarudia upya. Hakukuacha njiani hata mara moja.

Sasa tuko mlangoni tena, wanne. Mama amesema haya. Mimi nimesema. Baba naye amesema, na safari hii lilitoka bila kusitasita. Nikanyoosha mkono nikitaka kukusemea wewe, tuingie, nina mapazia ya watu. Baba akanishika kidole.

"Ana mdomo wake," akasema.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wetu. Alikuacha kwenye nyumba ya wageni ili tusihitaji neno lako. Akakufuata mwenyewe, kwa mkono ule mbovu, ili neno hilo lihitajike.

Nukta mdogo wangu, tangu Baba augue unaongea na mimi, unaongea na Mama, lakini yeye unampa "shikamoo Baba, unaendelea vizuri, eeh, basi nipe Mama". Akianza neno unalimalizia wewe. Akitafuta la pili umeshaaga. Mama anasema una kazi nyingi. Mimi nilikubeba mgongoni, nakujua. Si kazi na wala si kiburi. Unaogopa kumsikia akitafuta maneno, yule yule aliyekuwa akiongea na redio mbovu mpaka zikapona. Hata mimi niliogopa. Woga ule unaisha ukikaa nao, ila lazima ukae.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Ndiyo, michezo ile inafaa kuchezwa leo, na kwa sababu zile zile zinazowafanya watu waitupe. Ni mizito, ni mibaya ya sura, inakutaka usome na ukumbuke, na inangoja. Kama mtu hana wa kungoja naye, sijui atafaidi kiasi gani. Wanunue vijana wa kazini kwako huo mpya, wafurahi. Wewe wako uko hapa, kwenye kompyuta ambayo haitatupwa mimi nikiwa hai, na feni ile siiamini sana.

Piga alasiri, Baba akishamaliza mazoezi. Usinipigie mimi, piga simu ya Baba. Akisita, usimsaidie. Shika simu sikioni utulie, hata kama unahisi mtandao umekata. Haujakata, anakuja. Neno linalotakiwa kwako ni moja tu, ukiwa na mengine, hayo ni nyongeza.

Nilipofika hapa Baba ameniuliza nakuandikia nini. Nikamsomea yote, hata ya joka. Nikaiweka kalamu, nikamngoja. Kisha akasema, "Mwambie... asiogope."

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vitu vya moto. Shangazi wa ghorofa ya chini anasema umemsahau, ukimtumia picha atanyamaza. Binti wa mazoezi hakujui bado lakini anakusalimu pia, anasema anataka kuona mlangoni kuna nini. Mungu akulinde na baridi ya huko na akupe subira, maana hiyo ndiyo uliyonyimwa ulipozaliwa.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana, niliye bado mlangoni,

Da' Mkubwa.