Titi la Kwendea Majini

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Ulipotuandikia mara ya mwisho ulikuwa bado unazikwepa ngazi, na Mama kila siku ananiuliza habari zako, utadhani barua nazificha mimi. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi.

Sasa kaa kitako. Leo nina jambo la kujivunia, nalo ni la mdogo wangu, huyo uliyembandika jina la Bata kwa sababu alikuwa hatoki majini.

Unajua mwaka jana alitolewa titi la kushoto kwa saratani. Dawa zilipokwisha na daktari akamruhusu, alirudi kufundisha watu kuogelea na kupiga mbizi. Kovu limepona vizuri. Tabu ikawa titi bandia. Alilopewa hospitali ni zito, la kuvalia nguo za kawaida. Siku ya kwanza bwawani akavaa la sponji. Kujitosa tu, likachomoka, likaelea mbele ya wanafunzi wanane, watu wazima na akili zao. Alilifuata, akalidaka, akawaambia, "Mmeona? Hata vitu vyangu vinajua kuelea. Haya, zamu yenu." Wakacheka. Aliporudi nyumbani hakucheka hata kidogo.

Mama akamwambia atafute kazi ya nchi kavu. Nami, nisikufiche, nilikuwa upande wa Mama. Bata akatutazama, mmoja mmoja. "Wamenikata titi," akasema, "hawakunikata mapafu."

Basi tukaenda dukani wanakouza vifaa hivyo. Muuzaji, mama mpole mwenye futi shingoni, alituwekea matatu mezani, akalisifia sana moja jepesi lenye hewa ndani. Bata akalibonyeza kwa kidole.

"Hili ni zuri kwa kuogelea juu juu. Nikishuka nalo chini sana, hewa itabanwa, litasinyaa. Nikipanda, litavimba tena. Nataka lisilo na hewa kabisa."

Muuzaji alikiri hajawahi kuulizwa hivyo, akachukua kalamu akaandika. Mama mdogo, nilijawa na fahari mpaka nikaona haya. Mdogo wangu anamfundisha mtu kazi yake, tena kwa adabu!

Alichukua la silikoni tupu, linalopitisha mwanga kama jeli. Halidhuriwi na chumvi wala dawa ya bwawa, mradi lisuuzwe vizuri kila baada ya kazi. Nyumbani akalitia kwenye ndoo yangu ya kulowekea vitambaa. Likazama taratibu. Akapiga hesabu zake, akasema atapunguza uzito kidogo kwenye ule mkanda wa risasi wanaoufunga kiunoni ili wazame, basi.

Mfuko wa kulishikilia ndani ya nguo ya kuogelea ulikuwa kazi yangu. Nilitumia kitambaa kinachovutika, mdomo nikauelekeza kwapani. Nilifumua mara mbili. Mara ya tatu akaruka, akainama, akajipindua juu ya kitanda changu hadi chaga zikalia. Titi likatulia mahali pake.

Alhamisi mkuu wa kituo anakofundisha alitaka kushuka naye mita kumi na nane kabla ya kumrudishia wanafunzi wa baharini. Nilibaki kwenye boti nimeng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili. Mimi na maji unatujua. Dakika arobaini, na kila povu lililopasuka juu nililihesabu. Walipoibuka, mkuu wa kituo, mtu asiyemsifu yeyote, akavua miwani yake akasema, "Hewa yangu mtungini imekaribia kwisha, yake bado tele. Jumatatu aanze."

Nililia, na sikujificha. Bata hata hakuniangalia. Alifungua zipu ya suti ya mpira, akalitoa titi mfukoni, akalimiminia maji ya chupa mbele ya watu wote, taratibu, kama mtu anayesuuza kikombe chake. Kisha akauliza nani ana biskuti.

Mama, yule wa nchi kavu, sasa hamwachi mtu apite mlangoni bila kumwambia kwamba mwanawe anapumua chini ya bahari.

Baba mdogo apokee shikamoo yangu, na wale mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Bata anakusalimu sana. Mungu akunyooshee mgongo na akuzidishie siku.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Fundi wako wa cherehani