Miwati Katika Shamba Langu

Mombasa, Jumapili asubuhi

Kaka yangu Onchiri,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima isipokuwa bega, nitakueleza. Mama anaendeleaje na miguu yake? Na shemeji, amekwisha kujifungua? Tunawaombea kila Sabato.

Wiki jana nilitembelewa na Mogaka, yule fundi cherehani wa Ikonge. Aliniletea ndizi zenu, nikala nikafurahi. Kisha, bila kujua kwamba ananichoma, akaanza kulisifu shamba langu: wimbi limetoka vizuri, na katikati yake miche ya miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, imefika magotini. Nikamwuliza miwati ya nani. Akacheka, akidhani namtania.

Kaka, nilipoondoka nilikuazima shamba lile ulime wimbi. Najua nilisema mbele ya Mama, "Lima kama lako." Wewe ni mkubwa wangu, ningesemaje vingine? Lakini sote tunajua kwamba kwetu mtu aliyeazimwa shamba hapandi mti. Wimbi unavuna, unaondoka. Mti ukishasimama, aliyeupanda ndiye huhesabiwa mwenye ardhi, na watu wa kupima mashamba wakija wataandika hivyo hivyo. Nimekasirika, sitaficha.

Mpango wako nauelewa. Misimu miwili mnakula wimbi, halafu miti inafunga kivuli, na miaka ikipita unauza magome, boriti na makaa, watoto wanapata karo. Ningekuwa nyumbani huenda ningefanya hivyo mwenyewe. Ila mimi ndiye ninayebeba magunia ya magome huku ghalani, na siku hizi yanakuja machache. Karani anasema wanunuzi wa ng'ambo wamepunguza. Ujue hayo kabla hujapanda mingine.

Sasa bega. Gunia liliniangukia, daktari akasema nisibebe tena, na bwana wa ghala hana kazi nyingine ya kunipa. Mwisho wa mwezi narudi na mke wangu na watoto wote watatu. Sina mahali pengine pa kujenga. Nilipomweleza mke wangu habari za miwati aliacha kufunga mizigo, akaniuliza, "Basi tunarudi wapi?"

Sikwambii uing'oe. Umeitolea jasho, na magome yake ukiyauza, faida iwe yako. Ninachoomba ni kimoja: kabla wapimaji hawajafika huko, mwite baba mdogo, msimame katika shamba hilo pamoja na Mama, useme ni la nani. Nijibu upesi, maana tiketi sijakata.

Nisalimie shemeji, baba mdogo, na dada yetu aliyeolewa Ekerenyo. Mama hajui kusoma, na siku zote wewe ndiye unayemsomea barua zangu. Hii pia msomee, yote, usiruke mstari. Nikifika nitamwuliza.

Mdogo wako,
Nyangau