Seli Iliyonyamaza

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Igogo tu wazima. Goti langu linalalamika mvua ikikaribia, na mama yako yuko dukani kwake Mkuyuni kama kawaida.

Unasema seli zako za neva zimeacha kutuma ishara na unataka kuzitupa. Unauliza mimi niliwezaje kudumu kwenye utafiti huo.

Nikiwa kijana nilichunguza seli za neva za kamongo, yule samaki wa ziwa letu hapa. Seli ikituma ishara, spika iliyounganishwa nayo inalia. Siku moja niliidondoshea dawa, spika ikanyamaza. Nikajua nimeiua. Nanyoosha mkono nikamwage kisahani, baba akatokea mlangoni na mfuko wa viazi, ametoka kijijini. Baba humwambii asubiri. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikapokea mzigo, nikamletea maji, nikasikiliza habari za ng'ombe mmoja mmoja. Hajamaliza, spika ikalia tena.

"Nini hicho?" akashtuka.

"Seli, baba. Nilidhani imekufa. Kumbe dawa iliinyamazisha tu."

Hali hiyo ya kunyamaza ndiyo niliyoichunguza hadi nikastaafu. Zako sijui kama ni nzima. Mimi ningezisubiri kidogo.

Halafu, mama yako. Najua tangu mkosane kuhusu safari yako ya ng'ambo hapokei simu zako, na wewe umeacha kupiga. Jana alikaa na simu mkononi, akaniuliza kama huko uliko sasa ni usiku au mchana.

Bibi yako