Sifa za Masanja kwa Masanduku Yangu

Igogo, Jumanne

Sifa za Masanja zimeanza kunitia shaka. Nilimfundisha darasa la nne, leo yeye ndiye anayenifundisha kuchora masanduku, na kila nimwonyeshapo huinama: "Shikamoo, mwalimu. Safi kabisa." Ijumaa kiwanda cha minofu ya sangara kitanipima kwa kazi ya kuchora maboksi yake, na tangu serikali inipunguze kazini sina tegemeo jingine.

Kwa hiyo leo nilimpa Adela, mwanafunzi mwenzangu, mchoro wangu auonyeshe kama wake.

Masanja alicheka. "Dada, hili ni boksi au kiatu kilichokanyagwa? Mistari inayokwenda mbali hukaribiana. Yako inakimbiana!"

Adela aliona aibu kwa niaba yangu. Mimi nilishusha pumzi: hatimaye nimesahihishwa. Nimemwomba apeleke na mchoro wangu wa kesho.