Cheti cha Maji ya Chemchemi

Alhamisi, 12 Juni. Asubuhi ukungu na baridi kali.

Afisa wa kampuni inayochimba gesi amekuja kwenye mkutano wa kijiji kutueleza kwamba maji ya chemchemi yetu hayana tatizo. Nilimwonyesha mikono ya binti yangu Oresta, iliyojaa vipele tangu maji yaanze kunuka kama mafuta ya taa. Akaitazama kwa huruma nyingi, kisha akaniomba cheti kinachothibitisha kwamba kabla ya uchimbaji maji yalikuwa salama.

Nani hapa aliwahi kupima maji aliyokuwa akinywa babu yake?

Mama Kanisius akasimama. "Mwanangu, cheti ninacho. Kanisius alibatizwa kwa maji yale yale, na hakutoka hata kipele. Nikuletee?"

Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Afisa hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake: "Ushahidi wa kidini."

Tumeshauriwa tusubiri wapimaji, na kwa sasa tuwaogeshe watoto kwa sabuni. Sabuni walitugawia, kipande kimoja kila kaya. Maji mengine hawakuyataja.

Jioni nimemwogesha Oresta kwa maji ya chemchemi, maana ndiyo tuliyonayo. Amelia sana.

Ameacha kujikuna saa saba na robo usiku. Nami nalala.