Bustani ya Stesheni

Korogwe, Jumanne usiku

Ati mji wa hadhi ya dunia! Maneno hayo ya mwenyekiti wa kamati yetu ya mji yananikera mpaka sasa. Tangu arudi safari yake ya Ulaya, anataka mgeni akishuka kwenye treni hapa Korogwe asione tofauti na huko. Kwa hiyo akina mama wauza mihogo waondolewe stesheni, pale ipandwe bustani ya maua.

Leo kikaoni nilisimama nikasema mji wa kadiri yetu unahitaji maji ya bomba kwanza. Akanikazia macho.

"Ndugu mwalimu, wewe unapinga maendeleo?"

Nikaketi. Siku hizi neno hilo linatosha kumhamisha mtu, na mimi watoto wangu ndio kwanza wamezoea shule ya hapa...

Jioni nikapita kwa Bi Mwanaidi, anayeuza mihogo stesheni tangu enzi za mkoloni. Nikampa shikamoo, nikamweleza nilivyomtetea. Nilitegemea shukrani.

"Nani kakutuma?" akafoka. "Treni zinapita, watu wanachungulia dirishani, wanaona vumbi na sisi vikongwe. Mimi nataka mji wangu upendeze, mwanangu. Au uzuri ni wa Dar es Salaam tu?"

Kusema kweli, hata mimi nayapenda maua.

Akachochea moto, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani sisi wametupangia kwenda wapi?"

Kikao kizima hakuna aliyeuliza hilo. Hata mimi.